Dawa au mazoezi ya ubongo? Kinachomsaidia mtoto mwenye upungufu wa umakini

Mzazi akishaambiwa kwamba mwanawe ana upungufu wa umakini, ile hali ambayo madaktari huiita ADHD, swali la kwanza huwa moja: lazima anywe dawa? Jioni ya siku hiyo hiyo akishika simu, anakuta matangazo ya michezo ya kompyuta inayodaiwa kuufundisha ubongo utulie bila kidonge hata kimoja. Hapo jambo zima linaonekana kama njia panda: dawa upande huu, mafunzo upande ule.

Njia panda hiyo haipo pale inapoonyeshwa. Tatizo liko kwenye neno "mafunzo", ambalo limebebeshwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni mazoezi ya ubongo: mtoto anakaa mbele ya kompyuta na kurudia kazi za kukumbuka na kuzingatia, kwa matumaini kwamba uwezo wenyewe utakua. La pili ni mafunzo ya malezi, ambapo anayefundishwa ni mzazi na mwalimu: namna ya kutoa maagizo, kusifu, kuweka ratiba na kutoa tuzo. La tatu ni stadi za kujipanga, kwa watoto wakubwa kidogo: kuandika kazi zote za nyumbani mahali pamoja, kupanga begi usiku, kuigawa kazi kubwa vipande vipande. Ushahidi wa la pili hauwezi kutumika kuliuzia la kwanza, na bado hutumiwa hivyo kila siku.

Kwa hiyo kila tiba inayotajwa hapa inapaswa kuulizwa maswali yale yale: inabadilisha nini hasa, mabadiliko hayo aliyaona nani, na yanadumu kwa muda gani?

Tuanze na hali yenyewe. Mwongozo wa utambuzi unaotumika sana, DSM-5 wa mwaka 2013, unaorodhesha dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto huhesabiwa kuwa na ADHD akiwa na dalili zisizopungua 6 za kundi moja au za yote mawili, kwa miezi 6 au zaidi, baadhi zikiwa zilijitokeza kabla ya miaka 12, na zikiwa zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, mathalani nyumbani na shuleni. Sharti hili la mwisho hurukwa mara nyingi, na ndilo lenye thamani kubwa. Mtoto anayevurugika shuleni pekee huenda hasikii vizuri, haoni ubao, au hajui kusoma na anaona aibu. Anayeduwaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, macho yameganda na haitiki akiitwa, anaweza kuwa na aina ya kifafa. Anayekoroma usiku na kuamka amechoka anaweza kufanana kabisa na mtoto mwenye ADHD. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha pia kwamba watoto walio wadogo zaidi kiumri ndani ya darasa hupewa jina la ADHD mara nyingi kuliko wenzao wakubwa wa darasa hilo hilo. Utoto wa kawaida unahesabiwa kuwa ugonjwa. Utambuzi ukikosewa, mjadala wote unaofuata ni wa bure.

Dawa: inachofanya na inapoishia

Dawa inayotumika zaidi kwa watoto ni methilifenideti. Iliundwa mwaka 1944 na mwanakemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi, na jina la biashara la Ritalin lilitokana na Rita, jina la mkewe. Hata kabla ya hapo, mwaka 1937, daktari Charles Bradley wa Marekani aliripoti kwamba watoto 30 waliopewa amfetamini walibadilika, na karibu nusu yao kazi zao za darasani zilipanda kwa namna iliyomshangaza. Dawa hizi si ngeni, basi. Zimetazamwa kwa miongo mingi.

Namna zinavyofanya kazi inafaa kueleweka, kwa sababu ndiyo inayoeleza makosa ya dozi. Seli za neva zinapopeana ishara humwaga kemikali, zikiwemo dopamini na noradrenalini, kwenye mwanya mwembamba ulio kati yao, kisha huzivuta tena ndani. Methilifenideti huziba milango ya kuzivuta ndani, hivyo kemikali hizo hukaa kwenye mwanya kwa muda mrefu zaidi. Amfetamini hufanya hivyo na pia husukuma nyingine zitoke. Dawa za jamii hii huitwa vichangamshi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshikilia lengo akilini na kuzuia papara, hufanya kazi vizuri kemikali hizi zikiwa kwa kiasi cha katikati. Zikiwa chache, mawazo hutawanyika. Zikizidi, mtoto huganda. Ndiyo maana dozi kubwa zaidi si tiba kubwa zaidi.

Kuna imani kwamba dawa ikimtuliza mtoto, basi hiyo ni ithibati kwamba ana ADHD. Si kweli. Dawa hizi huongeza umakini hata kwa watu wasio na hali hiyo. Kupona kwa dawa hakuthibitishi utambuzi, na dawa isitumike kama kipimo.

Je, zinasaidia kiasi gani? Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 ulioongozwa na Samuele Cortese ulijumlisha majaribio 133 ya watoto na watu wazima. Tukiyatafsiri matokeo ya watoto kwa lugha ya kawaida: mtoto wa katikati kati ya waliopewa methilifenideti alikuwa na nafuu kuliko watoto kama 78 kati ya 100 waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani. Kama dawa isingefanya chochote, namba hiyo ingekuwa 50. Kwa amfetamini ni kama 85, na kwa atomoksetini, ambayo haimo katika jamii ya vichangamshi, ni kama 71. Kwa kuwa amfetamini ilileta maudhi zaidi, wachambuzi walipendekeza methilifenideti iwe chaguo la kwanza kwa watoto. Katika tiba ya matatizo ya akili na tabia, nafuu ya ukubwa huu ni nadra. Ila kumbuka kwamba ilipimwa katika wiki ya 12 hivi.

Sasa mipaka yake. Methilifenideti ya kawaida huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na kuisha baada ya saa 3 hadi 4. Ya kutolewa polepole hudumu saa 8 hadi 12, kutegemea aina. Ikishatoka mwilini, dalili zinarudi. Hapa ndipo panapozaliwa mgogoro wa kila mara kati ya nyumbani na shuleni: mwalimu anasema mtoto amebadilika kabisa, mzazi anasema dawa haifanyi kitu. Wote wawili wanasema kweli. Mwalimu anamwona saa nne asubuhi dawa ikiwa kileleni; mzazi anampokea saa kumi na moja jioni dawa ikiwa imeshaisha, na wengine huwa na hasira au kulia ovyo katika saa hiyo ya kushuka. Kuiacha dawa kwa kuangalia tabia ya jioni pekee ni sawa na kuihukumu taa baada ya kuizima.

Mpaka wa pili hauzungumzwi vya kutosha. Mwaka 2022 William Pelham na wenzake walichapisha jaribio la watoto 173 wenye ADHD, wa miaka 7 hadi 12, waliofundishwa katika darasa la likizo. Siku za dawa walifanya hesabu nyingi zaidi kwa asilimia 37 kila dakika, na kuvunja kanuni za darasa kulipungua kwa asilimia 53 kwa saa. Lakini walipopimwa walichojifunza katika masomo mapya, siku za dawa hazikuleta tofauti. Dawa iliwakalisha kitini na kuwafanya wafanye kazi, haikuwafundisha. Mtoto ambaye pamoja na ADHD ana tatizo la kusoma atahitaji mtu wa kumfundisha kusoma, dawa au hakuna dawa.

Jaribio la dawa linavyofanywa likafanywa vizuri

Malalamiko mengi juu ya dawa hizi ni malalamiko juu ya namna zilivyoanzishwa. Kabla ya kidonge cha kwanza daktari anapaswa kupima uzito, kimo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kuuliza kama mtoto amewahi kuzimia akiwa mazoezini au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana. Mzazi na mwalimu, kila mmoja peke yake, wajaze dodoso la dalili 18 kwa alama 0 hadi 3. Kisha yachaguliwe malengo mawili au matatu yanayohesabika: anamaliza zoezi la hesabu ndani ya muda, anainuka kitini si zaidi ya mara kadhaa kwa kipindi, anavaa sare bila kukumbushwa mara tano. Lengo la "awe mtulivu" halipimiki, na mara nyingi huishia na dozi kubwa kupita kiasi.

Methilifenideti ya kawaida huanzwa kwa miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, asubuhi na mchana, na daktari huongeza miligramu 5 hadi 10 kwa wiki. Kikomo cha kawaida ni miligramu 60 kwa siku, na wengi hawafiki huko. Kila wiki dodoso lile lile linajazwa tena, na inafaa mwalimu asijue wiki hiyo ni ya dozi ipi. Dozi inayochaguliwa ni ile yenye faida kubwa kwa maudhi yanayovumilika. Mtoto akiwa kimya isivyo kawaida yake, haongei na wenzake, uso umepoa kama hayupo, dozi imezidi. Ipunguzwe, na mtu asiite hali hiyo mafanikio.

Karibu watoto 7 kati ya 10 huitikia kichangamshi cha kwanza wanachojaribu, na baadhi ya wasioitikia methilifenideti huitikia amfetamini. Atomoksetini hupangwa kwa uzito: huanzia miligramu 0.5 kwa kilo, kisha 1.2 kwa kilo, na huhitaji wiki 4 hadi 6 au zaidi kabla ya kuhukumiwa. Anayeiacha baada ya siku kumi hajaijaribu. Inabeba pia onyo kuhusu mawazo ya kujidhuru kwa watoto wachache, hivyo wiki za mwanzo mzazi awe macho na mabadiliko ya ghafla ya hisia. Guanfasini, dawa nyingine isiyo kichangamshi, nayo isikatwe ghafla, kwani shinikizo la damu linaweza kuruka.

Maudhi ya kawaida ya vichangamshi ni kukosa hamu ya kula, kuchelewa kulala, tumbo na kichwa kuuma. Mengi yanapunguzwa kwa kupanga saa. Mtoto ale mlo wa asubuhi kabla ya kidonge, na alishwe vizuri jioni hamu inaporudi. Dozi ya mwisho isisogee jioni. Kidonge cha kutolewa polepole kisitafunwe wala kusagwa, kwa sababu dawa ya siku nzima itatoka kwa mara moja. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka kimo kipimwe kila miezi 6, uzito kila miezi 3 kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini, na mapigo na shinikizo kila dozi inapobadilishwa na kila miezi 6. Suala la kimo si uvumi: katika utafiti mkubwa wa MTA, tutakaourudia, watoto waliotumia dawa mfululizo walikuwa wafupi kwa kama sentimita 2 baada ya miaka mitatu. Ni gharama ndogo kwa wengi, na mzazi ana haki ya kuijua kabla.

Methilifenideti ipo chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Nyumbani ifungiwe, ihesabiwe na mtu mzima, na mtoto asiachiwe chupa.

Mazoezi ya ubongo: kinachopanda na kisichopanda

Wazo la mazoezi ya ubongo si la kitapeli. Watoto wengi wenye ADHD hupata shida na kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani uwezo wa kushika vitu vichache akilini huku ukivitumia: kukumbuka maagizo matatu wakati unatekeleza la kwanza, kushika tarakimu ya kubeba wakati unajumlisha. Kama uwezo huo ni dhaifu na unaweza kukuzwa kama msuli, basi umakini nao ungekua. Torkel Klingberg wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, alilijaribu wazo hilo, na programu iliyotokana na kazi yake, Cogmed, ikaenea.

Kikao kinakwenda hivi. Kwenye skrini kuna miraba. Baadhi zinawaka moja baada ya nyingine, kisha mtoto anazigusa kwa mpangilio ule ule, au kinyumenyume. Au anasikia tarakimu na kuzirudia kuanzia ya mwisho. Akipatia, mfuatano unarefuka. Akikosea, unafupishwa, hivyo daima yuko kwenye ukingo wa uwezo wake. Katika jaribio la mwaka 2005 la watoto 53, kila siku ilikuwa na mazoezi 90 ya namna hiyo, kwa kama dakika 40. Ratiba ya kawaida ni siku 5 kwa wiki kwa wiki 5. Watoto walipata alama nzuri zaidi katika vipimo vya kumbukumbu, na wazazi waliripoti dalili zimepungua. Walimu hawakuona tofauti ya maana.

Hapo ndipo kiini cha suala zima kilipo, na inafaa kukaa hapo kidogo. Mzazi aliyekaa na mwanawe wiki tano, akimhimiza kila jioni, anajua kwamba mtoto amepata mafunzo na anatamani yafaulu. Hasemi uongo anapojaza dodoso. Matumaini huingia kwenye macho. Ndiyo maana majaribio makini hutafuta mtathmini asiyejua mtoto yuko kundi gani. Mwaka 2015 Cortese na wenzake walijumlisha majaribio 16 yenye watoto 759. Kwa mujibu wa watu walio karibu na tiba, wengi wao wazazi, faida ilikuwa ya kiasi: 0.37 kwa kipimo cha kitakwimu cha ukubwa wa faida, ambacho 0 ni kutokuwa na faida, na ambacho kiliipa methilifenideti 0.78 katika uchambuzi wa 2018. Walipochukua tathmini za watu ambao huenda hawakujua makundi, ilishuka hadi 0.20, faida ndogo iliyokaribia kutotenganishwa na bahati. Alama za kumbukumbu zenyewe ziliendelea kuwa nzuri.

Mwaka 2014 Anil Chacko na wenzake waliwagawa watoto 85 wa miaka 7 hadi 11: nusu wakafanya Cogmed kamili, nusu wakafanya programu iliyofanana nayo lakini ugumu wake haukupanda. Kundi la kwanza liliboreka katika kushika vitu kwa muda mfupi. Dalili za ADHD, kwa wazazi na kwa walimu, hazikutofautiana.

Kwa nini alama zipande na maisha yasibadilike? Sehemu ya jibu ni kwamba mtoto hujifunza mbinu za kazi ile ile. Anagundua kuzikusanya tarakimu mbili mbili, au kuona umbo katika miraba inayowaka. Mbinu hizo hazina pa kutumika mwalimu anaposema "fungueni ukurasa wa 40". Sehemu nyingine ni kwamba si kila mtoto mwenye ADHD ana kumbukumbu dhaifu, na wale walio nayo wana mengine pia: kuchoshwa upesi na kisicho na tuzo ya papo hapo, kushindwa kusubiri, kukadiria muda vibaya. Mtoto mwenye ADHD mara nyingi anajua anachopaswa kufanya. Kinachomshinda ni kukifanya wakati ule, mahali pale, jambo lingine likimvuta. Zoezi linalofanyika mbele ya skrini yenye rangi na pointi, mtu mzima akiwa pembeni, liko mbali sana na mahali hapo.

Mchezo wa EndeavorRx ulipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwezi Juni 2020, kwa watoto wa miaka 8 hadi 12. Mtoto anaongoza chombo kwenye njia yenye vikwazo huku akigusa shabaha fulani na kuziacha nyingine. Katika jaribio lake kuu la watoto 348, dakika 25 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4, waliocheza mchezo huo waliboreka zaidi katika kipimo cha umakini cha kompyuta. Lakini katika dodoso za wazazi kundi hilo halikuwashinda waliocheza mchezo mwingine wa ulinganisho. Kibali kinachotangazwa ni cha kweli. Kilichoboreka ni alama za kompyuta. Anayesoma tangazo linalosema "imeboresha umakini" aulize: umakini uliopimwa wapi?

Wengine wamevuka mpaka wazi. Mwezi Januari 2016 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya Lumosity ingelipa dola milioni 2 kumaliza shauri la matangazo ya udanganyifu. Miongoni mwa madai yaliyolalamikiwa ni kwamba michezo yake inapunguza udhaifu unaoletwa na ADHD.

Kuna pia mafunzo ya mawimbi ya ubongo, ambapo mtoto huvalishwa vihisi kichwani na kuona picha ikisonga pale mawimbi yanapokwenda inavyotakiwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye watoto zaidi ya 140 na vikao 38, liliwapa baadhi yao mafunzo bandia bila wao wala wazazi kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hayakutofautiana. Nafuu ilitoka kwenye kuhudhuria, kutarajia na kuzingatiwa, si kwenye mawimbi.

Madhara ya mazoezi haya ni madogo: kuchoka, kukasirika, kichwa kuuma. Gharama kubwa ni muda. Vikao 25 vya dakika 40 ni kama saa 17 za mtoto, na karibu saa hizo hizo za mtu mzima anayemsimamia. Familia iliyochoka haina saa 17 za kupoteza. Kama mtoto anapenda michezo hiyo, acheze. Isichukue nafasi ya tiba nyingine, na isiwe sababu ya kuichelewesha.

Mafunzo ya malezi, kwa kipimo kile kile

Haki inataka tusiipendelee tiba hii kwa sababu tu inavutia zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2013 ulioongozwa na Edmund Sonuga-Barke uliiweka kwenye mizani ile ile: walipozingatiwa watathmini wasiojua makundi, faida kwenye dalili zenyewe za ADHD ilififia. Lakini uchambuzi wa mwaka uliofuata ulionyesha kitu kilichosimama hata kwa watathmini hao: wazazi walilea kwa utulivu zaidi, na ukaidi na ugomvi wa watoto ulipungua. Mafunzo ya malezi hayaondoi usahaulifu. Yanapunguza vita vya kila asubuhi, na kwa familia nyingi hivyo vita ndivyo vilivyowapeleka hospitali.

Kwa kawaida ni vikao vya kila wiki, 8 hadi 12 hivi. Agizo linatolewa moja kwa wakati, kwa karibu, jina la mtoto likitangulia, kisha mzazi ananyamaza na kusubiri badala ya kulirudia. Sifa inataja tendo: "umeweka viatu mahali pake mara moja" ina nguvu kuliko "mtoto mzuri". Chombo chenye faida kubwa shuleni ni kadi ya kila siku: malengo 3 hadi 5, mwalimu anatia alama kila kipindi, na tuzo ndogo inatolewa nyumbani siku hiyo hiyo.

Kadi hiyo hufa kwa sababu zinazotabirika. Malengo huwekwa juu mno. Yaanzie mahali ambapo mtoto atafaulu siku nne kati ya tano, kisha yapande taratibu. Tuzo huahidiwa mwisho wa mwezi, wakati kwa mtoto huyu hata mwisho wa wiki ni mbali. Alama hunyang'anywa hadi mtoto anadaiwa, naye anaacha kujali. Baada ya wiki chache tuzo inazoeleka na mzazi anahitimisha kwamba mbinu imeshindwa, wakati kilichohitajika ni kubadili orodha ya tuzo. Na mzazi anapoanza kupuuza makelele ya kudai, makelele huongezeka kwanza kabla ya kupungua. Anayekubali siku ya tatu amemfundisha mtoto kwamba kelele za siku tatu ndizo zinazolipa.

Kipi kianze

Utafiti wa MTA, uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliwagawa watoto 579 wa miaka 7 hadi 9 katika makundi manne kwa miezi 14: dawa iliyosimamiwa kwa karibu, tiba ya tabia ya kina, vyote viwili, au huduma ya kawaida ya mtaani. Kwenye dalili kuu, dawa iliyosimamiwa vizuri na mchanganyiko vilizidi. Mchanganyiko ulitumia dozi ndogo zaidi ya dawa. Jambo lenye funzo kubwa ni kundi la nne: karibu theluthi mbili yao walikuwa wakitumia dawa pia, lakini kwa dozi ndogo na kwa kuonwa na daktari mara chache, na hawakufikia nafuu ya wenzao. Usimamizi ulikuwa sehemu ya tiba.

Kufikia mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Wapo wanaosema hilo linathibitisha dawa haifai. Halithibitishi hivyo, maana baada ya miezi 14 kila familia ilichagua njia yake. Wengine waliacha, wengine wakaanza. Linaloonyesha ni kwamba miezi 14 ya tiba nzuri haiachi akiba ya kudumu. Si dawa, si tiba ya tabia.

Umri unaamua mengi. Chini ya miaka 6, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unaanza na mafunzo ya malezi, kwa kuwa watoto wadogo huitikia dawa kidogo zaidi na kupata maudhi zaidi. Kuanzia miaka 6 hadi 12, dawa pamoja na mafunzo ya malezi na msaada wa darasani. NICE inataka mazingira yarekebishwe kwanza, na dawa iingie pale dalili zinapoendelea kumtatiza mtoto waziwazi. Mpangilio wenyewe una uzito: katika jaribio la watoto 146 lililochapishwa mwaka 2016, walioanza na tiba ya tabia kisha wakaongezewa dawa walivunja kanuni za darasa mara chache kuliko walioanza na dawa. Sababu mojawapo ni ya kibinadamu: dawa ikishatuliza nyumba, wazazi wachache huendelea kuhudhuria vikao. Kama hali inaruhusu kusubiri, vikao vitangulie. Kama mtoto anakaribia kufukuzwa shule, au anakimbilia barabarani bila kutazama, visisubiriane.

Angalau mara moja kwa mwaka, mahitaji ya dawa yapimwe upya. Daktari hupanga wiki moja au mbili bila kichangamshi katika kipindi cha kawaida cha masomo, isiwe wiki ya mitihani wala wiki ya kwanza ya muhula. Atomoksetini na guanfasini hazijaribiwi kwa kukatwa namna hiyo. Mwalimu hujaza dodoso lile lile la mwanzo, na mtoto akiwa kijana, yeye mwenyewe hujaza lake, kwa kuwa katika umri huo wengine huanza kukificha kidonge chini ya ulimi. Akiulizwa anachokiona yeye akiwa nacho na akiwa hana, mara nyingi hutaja jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyeliona: kwamba hamu ya kuchekesha wenzake imekwisha, au kwamba kwa mara ya kwanza amesoma ukurasa mzima bila kuurudia. Majibu hayo yaandikwe pembeni ya alama, daktari ayasome kabla ya kuandika dozi ya mwaka unaofuata.